Korosho: Tuanzie Mtini, Si Kwenye Mashine

Katika vijiji vingi vya Mtwara, Lindi, Tunduru na Pwani, mkorosho ndio akiba ya familia. Ada za shule, mabati ya nyumba na hata sadaka ya mavuno hutegemea msimu wa korosho. Hata hivyo, sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa zikiwa ghafi, yaani pamoja na maganda yake, na kubanguliwa India na Vietnam. Ni haki kabisa kamati ya parokia kujiuliza: kwa nini tusibangue wenyewe? Makala hii inaeleza mambo ya kufahamu kabla ya kuandika mradi.

Mti na tunda lake

Asili ya mkorosho ni Brazil. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Ni wa ukoo mmoja na mwembe, na hustawi hata penye kichanga na mvua chache.

Bibo, lile lenye maji matamu, kwa kweli si tunda bali ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho inayoning'inia chini yake. Ndani ya ganda lake mna mafuta makali yanayounguza ngozi. Kwa njia hiyo mti hulinda mbegu yake, na kwa sababu hiyohiyo kubangua korosho ni kazi ngumu kuliko kumenya karanga.

Somo la miaka ya nyuma

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa kwa mikopo na mashine kutoka nje. Lakini wakati huohuo wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000, na vingi vya viwanda hivyo vilisimama. Mashine zilikuwepo, korosho hazikuwepo.

Mavuno yalipanda tena baadaye, wakulima walipopata salfa ya kuzuia ubwiriunga na miche bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, na biashara ilipofunguliwa. Maana yake ni kwamba mti ukitunzwa, mengine hufuata.

Kubangua bila kuumia

Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa takriban kilo 1 ya korosho zilizobanguliwa. Kwa njia ya kienyeji korosho hukaangwa kwenye bati juu ya moto hadi mafuta ya ganda yawake, kisha hufunikwa kwa mchanga au majivu na kugongwa moja moja. Wanaofanya kazi hii mara nyingi ni akina mama, na ndio wanaoungua vidole na kuvuta moshi. Kwa hiyo:

- Kaangeni nje, mkisimama upande upepo unakotoka. Watoto wakae mbali.
- Vaeni glavu, au pakeni mikono mafuta ya nazi au majivu kila mara.
- Msipasue ganda kwa meno.
- Kikundi kikikua, ni bora kutumia mvuke badala ya moto wa wazi. Korosho huchemshwa kwa mvuke, huachwa zipoe, kisha hubanguliwa kwa mashine ndogo ya mkono.

Katika bajeti, glavu na mafuta si nyongeza. Viwekwe mstari wa kwanza.

Jikoni

Korosho ina protini na mafuta mengi. Ikitwangwa, huungia mchicha au kisamvu kama karanga, na hufaa katika uji wa mtoto aliyekwisha kuanza kula, mradi isagwe laini na kujaribiwa kidogo kidogo, kwani baadhi ya watu hudhurika na korosho. Zile zilizovunjika, ambazo soko huzilipa bei ndogo, zinafaa sana kwa mboga za nyumbani.

Bibo lina vitamini C kuliko chungwa, lakini huoza ndani ya siku moja au mbili. Mengi huachwa chini ya mti au hugeuzwa pombe. Linaweza kukamuliwa juisi siku hiyohiyo, au kupikwa jamu.

Kamati ianzie wapi?

1. Mti. Pogoeni matawi makavu, punguzeni miti iliyosongamana (nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12), na pandeni miche iliyobebeshwa penye mikorosho mizee. Pulizeni salfa wakati wa maua.

2. Mavuno. Subirini korosho ianguke yenyewe. Itengeni na bibo, ianikeni juani siku 2 hadi 3, na muihifadhi katika magunia ya katani, si ya plastiki. Korosho yenye unyevu hushushwa daraja.

3. Miezi ya njaa. Kabla ya mavuno, familia yenye shida huuza korosho zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, kwa kipimo cha bakuli. Hii ndiyo kangomba. Mkopo mdogo wa kikundi cha kuweka na kukopa katika miezi hiyo unaweza kuokoa mavuno ya mwaka mzima.

4. Kubangua. Anzeni na kiasi kidogo kwa soko la karibu. Mashine kubwa ije baada ya kikundi kuuza misimu miwili au mitatu bila hasara.

Kwa wafadhili wetu: picha ya mashine mpya inapendeza kuliko picha ya mti uliopogolewa. Tunawaomba mtuulize kwanza habari za mti.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Ni familia ngapi katika jumuiya yetu ziliuza kwa kangomba msimu uliopita, na kwa sababu gani?
- Mikorosho yetu ina umri gani, na nani ataipogoa?
- Je, wanaobangua wana glavu?