Kadiria na Umoravian Unyamwezini: Njia Mbili za Kuitiisha Nafsi

Katika taaluma ya dini linganishi, mfano unaotumiwa mara kwa mara kuonesha ugumu wa kulinganisha njia za kiroho ni ule wa Ubudha na Advaita, yaani shule ya falsafa ya Kihindu iliyoimarishwa na Shankara katika karne ya 8, inayofundisha kwamba hakuna uwili kati ya roho ya mtu na uhalisi mkuu. Njia zote mbili humtaka mfuasi atulize fikra, apunguze tamaa na atambue kuwa yule “mimi” anayemtetea kutwa kucha si wa kutegemewa. Zikifika hapo zinaachana, kwa kuwa Mbudha hufundishwa kwamba nyuma ya huyo “mimi” hakuna nafsi ya kudumu, ilhali mfuasi wa Advaita hufundishwa kwamba ipo moja tu, isiyo na mipaka. Mazoezi yao yalishabihiana kiasi kwamba wapinzani wa Shankara walimshutumu kuwa Mbudha aliyejificha.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa aina hiyo karibu zaidi naye. Katika nchi ya Unyamwezi, ambako misafara ya pembe kutoka Bagamoyo ilipumzika Tabora kabla ya kushika njia ya Ujiji, ziliingia katika kipindi kimoja, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, njia mbili zilizoupa moyo uzito kuliko sheria na kanuni: tarika ya Kadiria na Kanisa la Moravian. Ya kwanza hujinasibisha na Abdulkadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, na ilienezwa katika ukanda huu hasa na wafuasi wa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Ya pili ilipokea kituo cha Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, kisha ikafungua Sikonge, kusini mwa Tabora, mwaka 1902, mahali ambapo baadaye palijulikana kwa hospitali na kwa makazi ya wagonjwa wa ukoma.

Tarika ni utaratibu wa malezi ya kiroho chini ya sheikh, na mtu huingia kwa kula kiapo cha utii mkononi mwa khalifa, yaani mwakilishi aliyepewa ijaza, ambayo ni idhini ya kufundisha na kupokea wengine. Ijaza hiyo hubeba silsila, mnyororo wa majina unaopanda kutoka kwa khalifa hadi kwa al-Jilani na kutoka kwake hadi kwa Mtume. Kiini cha mazoezi ni dhikri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia. Waumini husimama katika duara, mara nyingi usiku wa kuamkia Ijumaa, wakaanza polepole kwa tamko la kumpwekesha Mungu. Khalifa huongoza mwendo, miili huinama na kuinuka kwa pamoja, maneno hufupika hadi likabaki jina moja, kisha jina nalo likageuka pumzi inayotoka kifuani kwa mkupuo, ndiyo maana watu wa pwani waliiita dhikri ya kukohoa. Masheikh wasiopendezwa na jambo hili waliliona kuwa ni vurugu, lakini hukumu hiyo huusahau utaratibu wake: anayeshindwa kufuata mwendo wa wenzake huwa amejifunza kitu kuhusu nafsi yake.

Umoravian nao una mizizi katika Bohemia, kwa wafuasi wa Jan Hus aliyechomwa moto mwaka 1415, ila sura yake ya sasa ilipatikana Herrnhut, Ujerumani, katika shamba la mkabaila Zinzendorf. Huko, mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waliahidi kugawana saa za usiku na mchana ili maombi yasikatike, na zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Kuanzia mwaka 1731 kulichapishwa kitabu cha maandiko ya kila siku, ambacho mpaka leo aya zake za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, na Mmoravian anayelisoma andiko lake asubuhi anajua kuwa ndugu zake wa mabara mengine wanasoma lilelile.

Mtu akiishia hapa, atasema njia ni moja. Zote hutumia marudio, jumuiya na saa maalumu ili kumtoa mtu katika kujipenda. Zote pia ziliwapa heshima watu ambao mji wa misafara haukuwapa, wakiwemo waliotoka utumwani, na huenda hilo lilivuta wengi kuliko mafundisho yenyewe. Lakini lengo si moja. Masufi huita mwisho wa safari fana, yaani kutoweka kwa nafsi mbele ya Mungu, kunakofuatwa na baka, kubaki kwa uwezo wake. Wengi wao, tangu Junayd wa Baghdad aliyefariki mwaka 910, wamesisitiza kwamba anayerudi kutoka huko hurudi akiwa na akili timamu na bado ni mja anayefungwa na sheria. Mmoravian hatakiwi kutoweka hata kidogo. Zinzendorf alihubiri urafiki na Mwokozi aliyejeruhiwa, na urafiki huhitaji wawili. Nafsi husafishwa ili ipendwe na kupenda.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika namna ya kuwatendea wafu. Kwa Kadiria, sheikh aliyefariki hubaki kiungo hai cha silsila, watu hukusanyika kila mwaka kumfanyia hauli, na kaburi lake huzuriwa kwa baraka. Wamoravian wa Herrnhut, kinyume chake, waliwalaza wafu wao chini ya mawe bapa yanayolingana, tajiri na maskini, bila kaburi la kuombewa msaada, na alfajiri ya Pasaka waumini huenda kuungama imani yao katikati ya makaburi hayo, wakitaja kila aliyefariki mwaka huo bila kumpandisha yeyote juu ya mwenzake.