Taa ya Pili ya Lango la Sydney

Askari wetu wajua uzito wa lindo la usiku. Leo twawasimulia habari za lindo la baharini. Huko Sydney, Australia, walowezi wa Kiingereza walisimamisha mlingoti wa bendera juu ya jabali la kusini la mlango wa bandari, mwezi Januari 1790. Njaa ilikuwa imewashika. Zamu baada ya zamu walinzi walitazama bahari, na bendera ilipopanda mwezi Juni watu walitambua kwamba merikebu imefika kutoka kwao. Ilikuwa Lady Juliana.

Mnara wa taa ukafuata mwaka 1818, kwa ramani ya Francis Greenway, aliyepelekwa huko akiwa mfungwa. Lakini mnara ule ulisimama kusini zaidi ya mlango wenyewe: uliwaonyesha mabaharia pwani, haukuwaonyesha pa kuingilia. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1857, katika tufani, merikebu Dunbar iliyotoka Uingereza iligonga majabali karibu na mlango. Watu 121 walikufa. Alipona baharia mmoja tu, James Johnson, aliyeng'ang'ania jabalini mpaka akavutwa juu kwa kamba.

Mwaka uliofuata serikali ikawasha taa ya pili, Hornby, kwenye ncha ya mlango. Kwa maoni yetu, ilichelewa takriban miaka 40.

Johnson baadaye alishika kazi ya taa katika bandari ya Newcastle. Meli Cawarra ilipozama hapo mwaka 1866, alipona mtu mmoja tu. Na Johnson alikuwa miongoni mwa waliomwopoa majini.