Lahaja za Kifini na Kazi ya Mwalimu

Mtoto atamkapo neno kwa namna ya kwao, je, amekosea? Swali hili humkabili kila mwalimu wa lugha sanifu, na lugha ya Kifini yatupatia mfano ulio wazi.

Lahaja za Kifini hugawanywa katika makundi mawili makubwa, la magharibi na la mashariki. Neno "mimi" katika lugha sanifu ni minä. Magharibi wengi husema mää au mä, na mashariki mie.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni sauti d. Maji huitwa vesi, na "ya maji" huwa veden. Katika lahaja ya Etelä-Pohjanmaa, upande wa magharibi, d hiyo huwa r: veren. Katika lahaja za mashariki hudondoka kabisa: veen. Lakini katika lugha sanifu, veren ni "ya damu". Mwalimu asiyeijua kanuni hii atadhani kuwa mtoto anachanganya maji na damu, kumbe afuata kanuni ya kwao barabara.

Tena d yenyewe ina historia yake. Mikael Agricola, aliyechapa kitabu cha kwanza cha Kifini yapata mwaka 1543, aliitumia herufi hiyo kwa sauti iliyofanana na dh ya "dhahabu". Baadaye sauti ilitoweka vinywani, herufi ikabaki vitabuni, na wasomi wakaitamka kwa kufuata Kiswidi, lugha iliyotawala elimu. Hivyo watoto wengi waliipata d shuleni, si nyumbani.

Mwalimu ajifunze nini? Kwanza, achunguze kama tamshi hilo hurudi kwa utaratibu katika maneno mengine. Likirudi, ni kanuni ya lahaja. Mtoto wa Mombasa asemaye kuteka kwa maana ya "kucheka" husema pia mato kwa "macho": ch imekuwa t. Pili, aandike ubaoni maumbo ya nyumbani na ya sanifu sambamba, wanafunzi wenyewe wagundue ulinganifu. Tatu, aeleze ni wapi kila umbo hutumika.

Mtoto afundishwaye hivyo huongeza lugha ya pili juu ya ile aliyokuja nayo. Mtoto achekwaye hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafundishiki lugha yoyote.