Mgongo wa Farasi na Mgongo Wetu



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa ya likelemba, mwenzetu mmoja alituonyesha video kwenye simu yake. Farasi wa Ulaya amevikwa blanketi lenye waya ndani yake, anasinzia huku mashine ikimtibu mgongo. Hakuna sindano wala kisu. Tukaulizana mara moja: sisi tunaobeba kuni, makala na bidoni za maji, mbona dawa hiyo haitufikii?

Tulicheka, lakini swali lilibaki. Sokoni wanapita watu wanaouza mikanda na bangili za sumaku, na wengine kati yetu walikuwa tayari kutoa pesa ya minervali ya watoto. Ndiyo maana tumeandika habari hii.

Mashine ya farasi ina waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita ndani yake kwa kuwaka na kuzima, unazaa nguvu ya sumaku inayopenya ngozi na kuleta umeme mdogo sana ndani ya nyama. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday, Mwingereza, mwaka 1831. Mwaka 1979 Marekani iliruhusu mashine za namna hiyo kwa mifupa ya watu iliyovunjika na kukataa kuunga. Kwa hiyo si uchawi, wala si uongo mtupu.

Lakini kwa mgongo wa farasi, uchunguzi uliofanywa bado ni mchache na haukubaliani. Farasi hasemi. Mwenye kulipa pesa nyingi hutamani kuona amepona. Daktari mzuri wa mifugo hupapasa mgongo kwa vidole, humtazama akitembea, kisha huchunguza tandiko. Tandiko likiwa baya, mashine itatuliza leo na kesho maumivu yatarudi.

Na ule mkanda wa sokoni? Sumaku yake imetulia tu, haiwaki na kuzima, basi si mashine ile. Mwaka 2000 waganga wa Marekani walitangaza jaribio la sumaku za kuvaa kwa watu 20 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Hazikusaidia kuliko sumaku za bandia.

Hapa kwetu farasi hatuna, lakini wanyama wa mizigo wako Lamu, Kenya. Katika mji ule wa vichochoro, punda hubeba mchanga, mawe na saruji. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary lilianzisha kliniki yao huko. Mgongo wa punda uliochubuka unahitaji kusafishwa, kupumzishwa, kuwekewa kitambaa laini chini ya mzigo, na mzigo wenyewe kupunguzwa. Mwenye punda asipobadilika, kidonda hakiponi.

Hapo tulinyamaza kidogo. Punda wa Lamu ana mtu wa kumwambia mwenyewe, "Punguza." Sisi nani anatusemea?

Basi tuseme wenyewe nyumbani. Kuni za safari moja ziwe za safari mbili. Vijana wa kiume wachote maji pia. Bidoni haichagui kichwa. Ukiinua mzigo, kunja magoti na uushike karibu na mwili. Mgongo ukiuma, usilale siku nyingi. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi.

Lakini usingoje ukiona haya: miguu inakosa nguvu, mkojo unatoka bila kujua, kuna homa, unakonda, maumivu yanazidi usiku, au yalianza baada ya kuanguka. Kifua kikuu huweza kuingia hata katika uti wa mgongo. Nenda hospitali upesi. Na mwenye mimba asikubali mashine yoyote ya sumaku kabla ya kumuuliza mganga.

Pesa ya minervali ibaki kwa minervali. Dawa ya kwanza ya mgongo ni kupunguza mzigo, na hiyo haiuzwi sokoni.