Upana wa Wayo na Uteuzi wa Buti za Kupandia Mlima

Makala haya yanahusu buti za kupandia mlima, na hasa namna mtu mwenye wayo mpana anavyoweza kuteua buti zisizombana wala kumchemsha miguu. Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada hii katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Chanzo chake ni safari yetu ya Mlima Kenya kupitia njia ya Naro Moru. Nilibakia katika kambi ya Mackinder, takriban mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, visigino vimechunika, huku wenzangu wakitoka saa nane za usiku kwenda kulilaki jua katika kilele cha Lenana, mita 4,985. Kosa lilikuwa langu. Mguu wangu ni wa nambari 42, lakini kwa kuwa kila buti ya 42 niliyoijaribu ilinibana ubavuni, nilinunua ya 44.

Kosa hili ni la wengi, nalo hutokana na kuchanganya urefu na upana. Katika vipimo vya Ulaya, kila nambari huongeza thuluthi mbili za sentimita katika urefu. Hivyo basi, anayetoka 42 kwenda 44 huongeza takriban milimita 13 za urefu, ilhali upana huongezeka kidogo tu. Kisigino kikikosa cha kukishika hupanda na kushuka kwa kila hatua, na msuguano huo ndio uletao malengelenge. Isitoshe, buti huundwa ikunjike penye maungio ya vidole. Ikiwa ndefu kupita kiasi, hukunjika mahali ambapo mguu wenyewe haukunjiki.

Wengi wetu tuliolelewa mashambani tulikwenda shuleni pekupeku kwa miaka kadhaa, na wayo uliokua bila kiatu hutanuka penye vidole. Viwanda vingi, kwa upande wao, hushona kiatu juu ya kalibu ya upana mmoja wa wastani. Mwenye mguu mpana basi asijione ana kasoro. Ni kalibu ambayo haikumfikiria. Baadhi ya watengenezaji, hasa wa Marekani, huonyesha upana kwa herufi: kwa wanaume D ni wa kawaida, 2E ni mpana na 4E ni mpana zaidi, kwa wanawake B ni wa kawaida na D ni mpana. Herufi hizo aghalabu huandikwa ndani ya ulimi wa kiatu, karibu na nambari.

Pasipo na herufi, toa soli ya ndani, iweke sakafuni na uikanyage kwa uzito wako wote. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo zake, buti hiyo si yako, hata muuzaji aapeje kwamba itatanuka. Ngozi hutanuka kidogo, lakini ukingo wa mpira uizungukao haulegei. Ujaribu alasiri, miguu ikiwa imevimba kwa mizunguko ya siku, na uvae soksi zile zile utakazopandia mlima.

Kuhusu hewa, kitenzi 'kupumua' kinachopendwa na wauzaji ni istiari tu. Kinachotoka ni mvuke wa jasho. Buti zisizopenywa na maji huwa na utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji na kuruhusu mvuke. Hata hivyo, mvuke husafiri pale tu ndani panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje; ngozi ya nje ikilowa chepechepe, safari hiyo hufifia. Tena maji yakiingilia juu, penye kifundo, utando huo huo huyafungia ndani. Kwa hiyo, katika mlima mkavu na wa joto kama Longonot, buti ya kitambaa cha wavu isiyo na utando hufaa zaidi, ingawa vumbi la huko hupenya. Kwa kinamasi cha Naro Moru, ningechagua ngozi yenye utando, ndefu hadi juu ya kifundo, pamoja na soksi za sufu. Soksi za pamba hunywa jasho na kukaa nalo.

Anayenunua mitumba Gikomba au Toi ana jambo moja zaidi la kuchunguza. Soli ya kati ya buti nyingi ni ya poliyurethani, ambayo unyevu wa hewa huiozesha kadiri miaka inavyopita, hata buti ikiwa haijavaliwa. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ikipasuka au kumeng'enyuka, irudishe, maana itakuachia mlimani.

Katika kufunga kamba, ruka matundu yaliyo juu ya sehemu pana ya mguu, kisha ukaze penye kifundo ili kisigino kitulie. Hivyo ndivyo ninavyozifunga buti zangu za sasa, 42 ya upana wa 2E. Zile za 44 nilimpa ndugu yangu, ambaye mguu wake ni mrefu na mwembamba, nazo zimemkaa barabara.