Kamera ya harusi Masasi na Newala: Lenzi kwanza, bodi baadaye

Minada ya korosho inapofunguliwa kila Oktoba, biashara katika Masasi na Newala huchangamka. Tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, korosho za wakulima hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, wakiwemo MAMCU na TANECU. Malipo yakitoka, fedha huingia kwa mkupuo. Mabati hununuliwa, madeni hulipwa, na harusi zilizokuwa zikingoja hupangiwa tarehe.

Hapo ndipo anapotafutwa mpiga picha. Mara nyingi anayeombwa si fundi wa studio, bali ni rafiki wa bwana harusi mwenye mtaji mdogo na hamu kubwa. Swali lake ni la kibiashara: anunue nini ili fedha isipotee na harusi isiharibike? Mabati mabovu hurudishwa dukani. Harusi haifungwi mara ya pili kwa ajili ya picha.

Hesabu ya kwanza ni kununua au kukodi. Mathalani, kamera iliyotumika inanunuliwa kwa shilingi 700,000 na baadaye kuuzwa kwa shilingi 550,000. Gharama halisi ni shilingi 150,000. Kama kukodi kamera ya aina hiyo ni shilingi 100,000 kwa sherehe moja, mwenye harusi moja tu akodi. Mwenye ahadi ya harusi mbili anunue. Bei hizo ni za mfano, lakini hesabu haibadiliki.

Kwa anayenunua, kosa la kawaida ni kumaliza fedha yote kwenye bodi mpya ya kamera. Bodi hushuka thamani upesi kila toleo jipya linapotoka. Lenzi nzuri hudumu. Canon EOS 600D ya mwaka 2011 ina megapikseli 18, zinazotosha albamu na hata picha kubwa ya ukutani. Panapopungua ni kwenye mwanga. Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera nyingi ndogo, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu za kampuni hiyo, hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Ngoma ya usiku chini ya taa chache, ambayo lenzi ya kwanza ingeipiga kwa sehemu moja ya 10 ya sekunde na kutoa wachezaji kama moshi, hupigwa kwa sehemu moja ya 100 na sura zikaonekana. Hata hivyo 18-55mm isiuzwe: picha ya ukoo mzima uwanjani huhitaji upana wake.

Wanaopenda Nikon wawe waangalifu. Bodi ndogo kama D3200 ya mwaka 2012 hazina mota ya kuendesha lenzi za zamani. Lenzi ya AF-D ikifungwa humo hailengi yenyewe, hata kama iliuzwa kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi atafute zenye alama ya AF-S.

Ukaguzi wa kamera iliyotumika ufanyike dukani, kwani kurudisha mzigo mbovu Kariakoo ni nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku za kazi zilizopotea. Lenzi imulikwe kwa tochi: nyuzi kama za buibui ndani yake ni kuvu. Ipigwe picha ya ukuta mweupe ili madoa yajitokeze. Idadi ya picha zilizokwisha kupigwa iulizwe, kama ziulizwavyo kilomita za gari kuukuu. Risiti iandikwe namba ya kamera, ili mnunuzi asije akaitwa mpokeaji wa mali ya wizi.

Fedha inayobaki iende kwenye bima: betri ya pili na kadi mbili. Enzi za filamu roli moja ilitoa picha 36, na ikiharibika zilipotea 36. Leo kadi moja ikifa huondoka na harusi nzima. Kwa hiyo ndoa iwe kwenye kadi moja na sherehe kwenye nyingine.

Flashi pia ina faida, hasa mchana. Mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita hupita karibu utosini katika eneo hili, na macho ya maharusi huzama kwenye vivuli. Flashi ndogo huvipunguza. Kivuli cha mwembe hufanya kazi hiyo bure. Usiku, kuielekeza flashi juu husaidia penye dari jeupe, si chini ya turubai la rangi.

Mwenye bajeti finyu anashauriwa kufuata mpangilio huu: bodi iliyotumika yenye lenzi yake ya 18-55mm, lenzi ya 50mm, betri na kadi za akiba, kisha flashi. Anunue kabla ya minada kuanza, na vifaa vijaribiwe usiku kwenye shughuli ya jirani. Hasara ya shilingi hufidiwa msimu ujao. Picha za ndoa ya rafiki hazifidiwi.