MIMEA IFUKUZAYO MBU NA KAZI YAKE

Mtu atokaye pwani, akiisha kupanda mlima Kitonga na kuelekea Iringa mjini, hupita Ilula, nchi ya nyanya na vitunguu. Bustani za mabondeni hunyweshwa kwa mifereji, hata wakati wa kiangazi hupatikana mavuno. Lakini maji yayo hayo yastawishayo nyanya, yakituama katika vidimbwi, hulea mbu. Basi watu huuliza: Je, yawezekana kupanda bustanini mimea iwezayo kuwafukuza? Twajibu kwamba yawezekana, lakini yatupasa kujua jinsi mimea hiyo ifanyavyo kazi.

Kwanza na tumjue adui. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, alipokuwa Bara Hindi, aliviona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu wa aina ya anofelesi. Mbu jike peke yake ndiye aumaye, kwa kuwa ahitaji damu ili mayai yake yapevuke. Usiku humtafuta mtu kwa kufuata pumzi yake na harufu ya mwili wake. Kwa hiyo harufu kali ya majani fulani humpoteza njia.

Katika mimea hiyo, ulio rahisi kuotesha ni kivumbasi, jamaa ya mrehani. Mbegu zake ni ndogo sana; zinyunyizwe juu ya udongo laini, zisifukiwe chini, na kitalu kinyweshwe polepole. Miche ikipata nguvu ihamishwe mahali penye jua. Mchaichai nao hauhitaji mbegu: shina kubwa hugawanywa, na kila kipande chenye mizizi hupandwa peke yake. Mkaratusi wenye harufu ya limau una mafuta mazuri ya kufukuzia mbu, lakini usipandwe karibu na kisima, maana hunywa maji mengi.

Hapa ndipo wengi wakosapo. Jani zima huyafunga mafuta yake ndani ya vifuko vidogo mno. Mmea uliosimama kimya chini ya dirisha hutoa harufu haba, nayo huchukuliwa na upepo. Jani likipondwa, au likiwekwa juu ya makaa, ndipo vifuko hupasuka na harufu kutoka. Kwa hiyo jioni twaa matawi mabichi ya kivumbasi, uyaponde kidogo, kisha uyatundike mlangoni na madirishani. Kesho yake ulete mengine, kwa kuwa yakikauka nguvu hupungua. Ukipenda kuyafukiza, fanya hivyo dirisha likiwa wazi, na jiko la makaa ulitoe nje kabla ya kulala. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu usingizini, tena moshi hudhuru vifua vya watoto.

Pareto yatufundisha jambo lilo hilo. Ua hili jeupe hupendelea nchi za juu zenye baridi, kama Mufindi, Njombe na milima ya Mbeya. Sumu yake imo hasa katika ua, nayo huharibu mishipa ya fahamu ya mdudu. Lakini shamba la pareto halimlindi jirani yake na mbu. Sharti maua yachumwe, yakaushwe, kisha yapelekwe kiwandani, kama kile cha Mafinga, ili sumu itolewe. Kwa kuwa sumu hiyo huharibika upesi juani, wataalamu walitengeneza dawa za kuiga mfano wake zidumuzo zaidi, na dawa za namna hiyo ndizo zitiwazo katika vyandarua.

Basi tusidanganyike. Kivumbasi hupunguza mbu nyumbani saa za jioni, wakati watu wangali wakizungumza na kula. Hakitoshi kumlinda aliyelala usiku kucha. Aondoaye chandarua kwa sababu amepanda kivumbasi awaweka watoto wake hatarini. Tufukie vidimbwi, tuzibue mifereji, tufunike mitungi, na kila mtu alale ndani ya chandarua kisicho na tundu. Na mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku ile ile, maana malaria huweza kumwua mtoto mdogo kwa muda mfupi, na hakuna jani la bustanini liwezalo kushika mahali pa dawa.